Daftari la Pili

Saa ya mkononi imelia: kalori mia sita na kumi.
Ndizo nilizochoma, yasema, tangu maegesho ya magari
hadi taa ya mwisho msituni, mbao za kutelezea miguuni,
theluji ikilia chini yangu kama wanga mkavu kiganjani.

Mimi ni mhasibu. Miaka ishirini na sita, hapa Tampere,
nafunga hesabu za viwanda vya karatasi na za vinyozi.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
nami nataka kupotea kidogo, kilo tisa,
lakini kwa habari, tafadhali, kwa tarehe na sahihi.

Basi swali, na si dogo saa mbili usiku
mbele ya jokofu lililo wazi na mwanga wake wa hospitali:
hizi mia sita na kumi, ni zangu?
Nizile, nirudi sifuri, kama mtu aliyechota maji
akayamwaga mtoni alikoyachota?
Au niziache, niwe mshindi mwenye kizunguzungu,
nilale nikihesabu matone ya bomba?

Dada yangu Sirkka-Liisa, kwa simu kutoka Oulu:
"Usile. Jasho usilinunulie keki."
Raili wa ofisini, mdomo umejaa:
"Kula, we mwanamke. Gari haliendi kwa sifa za dereva."
Daktari akasema, "Inategemea,"
huku akiitazama saa ya chakula chake cha mchana.

Nikamsikiliza dada. Wiki nne.
Asubuhi yai, mchana tango, jioni barafu na nyota.
Alhamisi nne mfululizo supu ya njegere ikanipita kantini,
pamoja na chapati zake laini za maziwa, jamu juu,
nami nimeinamia kahawa nyeusi kama mjane pichani.
Mizani ikashuka, nikaimba.
Kisha ikakwama. Siku tisa, tarakimu zile zile,
kama mteja asiyepokea simu.

Kumbe mwili nao una daftari la pili,
lile tunalolisaka kwa wateja wajanja,
nyuma ya kabati, limeandikwa kwa penseli.
Humo: vidole baridi. Usingizi wa paka.
Nywele kwenye tundu la bafu.
Pentti kugombezwa kwa kosa la kutafuna.

Jumamosi, kilomita ya saba,
miguu yangu ikatangaza kufilisika.
Haikuuma. Ilikuwa kama umeme kukatika nyumba nzima
na wewe bado umeshika kikombe.
Nikakaa chini. Msonobari ukanipiga konzi ya theluji utosini.

Akaja mtoto, labda wa miaka kumi,
namba kumi na nne kifuani, kamasi zimeganda.
Akafungua zipu, akatoa nusu mkate,
ule mweusi wenye uchachu, siagi ndani,
umeshachukua umbo la mfuko wake.
"Mwalimu anasema ukikaa utaganda."
Akafikiri. "Na usipokula utakaa."
Akateleza, akaenda. Asante yangu ikamkosa.

Nikala. Chumvi, uchachu, nyuzi za mfukoni.
Sijawahi kusikia chakula kikishuka hadi magotini.

Jibu? Sina la kupiga mhuri.
Siku za kilima narudisha nusu, pengine zaidi.
Siku za kiti cha ofisi, saa ikinisifu, naizima.
Alhamisi napanga foleni nyuma ya Raili
na bakuli langu nalishika kwa mikono miwili.
Kilo tatu zimeondoka. Sita bado zipo, tunaamkiana.

Vitabu vyangu vyote viwili sasa vinakaribiana,
isipokuwa deni moja, sijui nililipe wapi:
nusu mkate,
kwa namba kumi na nne.